Neno la Shukrani kwa Mwenyekiti wa Boti

Mbwera,
14 Juni 2025

Mdogo wangu Warda,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Huku wazima. Biashara zangu zinakwenda: asubuhi kaa, mchana vocha, jioni nauza stori, na hizo za jioni ndizo hazijapata mteja wa kulipa.

Dada, nina shida na Kiingereza chako. Nataka kumshukuru mtu mpaka alowe shati.

Usicheke kwanza. Wale wafadhili walioleta boti ya wagonjwa wanarudi mwezi wa nane. Wanaleta injini mpya, na watatazama kama kamati ya boti iendelee kuwa ile ile chini ya Ridhiwani. Sasa Ridhiwani kanichagua mimi nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wananchi. Kanichagua kwa kuwa nina sauti ya kupigia debe, na kwa kuwa niliishia darasa la nne. Anajua nitasema ahsanteni sana, nitawachekesha wageni, nitakaa. Mkalimani ni yeye mwenyewe kama siku zote, si unajua alifanya kazi hotelini Unguja, hata mbuzi wake anamfukuza kwa Kiingereza.

Mimi mkalimani simtaki. Nataka niseme mwenyewe. Nifundishe kushukuru kwa Kiingereza, cha mtaani na cha ofisini, chenye adabu zake zote, mtu asipate pa kunishika.

Na usipige simu. Huku pa kuchajia simu na penye mtandao ni kibarazani kwa Ridhiwani, na masikio yake unayajua. Andika, barua mpe Ukasha wa boti ya abiria pale Nyamisati, atanifikishia.

Salima anakusalimu. Tumbo sasa miezi sita. Safari hii tunaomba Mungu.

Kaka yako,
Kondo


Kibiti,
20 Juni 2025

Kaka Kondo,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Nimefurahi mpaka nimewasomea walimu wenzangu barua yako, ila ile ya mbuzi nimeiruka. Kaka yangu kusimama mbele ya wageni na kuongea Kiingereza. Marehemu mama angechinja.

Haya, tuanze. Kwa rafiki unasema "Thanks" na yametosha. Kwa mtu aliyekubebea mzigo unasema "Thank you so much". Ukiwa mbele ya wakubwa unavaa shati kabisa: "I would like to express my sincere gratitude", yaani ningependa kutoa shukrani zangu za dhati. Hapo unasimama wima na hujikuni.

Kuna jambo moja ushike kuliko yote. Sisi tukisema ahsante, Mungu akuzidishie, tumemaliza. Aliyetenda anajua alichotenda. Wao hawaishii hapo. Baada ya "thank you" wanaweka "for", halafu wanakitaja kitu chenyewe: alikufanyia nini, siku gani. Kadiri unavyokitaja wazi ndivyo wanavyoona una adabu. Usipokitaja, wanajua umeshukuru kwa mdomo tu.

Na wakikukaribisha kitu usichokitaka, usitikise kichwa kama unafukuza nzi. Sema "No, thank you". Hapo umekataa na hakuna aliyekasirika.

Tena kaka, nilisahau kukwambia. Shuleni lilikuja jarida la wale wafadhili, na ndani mna picha ya wifi Salima amekumbatiwa na mzungu. Chini wameandika kwamba anawashukuru kwa boti iliyobadilisha maisha yake. Nimeikata, nimeibandika ukutani darasani kwangu. Mtoto alipofariki mlisema ni mipango ya Mungu na mimi sikuuliza zaidi. Nilisikia tu kwamba boti haikupatikana, nikadhani wifi angekuwa na kinyongo nayo, kumbe ana moyo mkubwa kiasi hicho. Mwambie najivunia.

Mdogo wako,
Warda


Mbwera,
1 Julai 2025

Warda,

Itoe hiyo picha ukutani.

Leo sina utani, nivumilie. Siku Salima aliposhikwa na uchungu nilikimbia bandarini kuchukua boti ya wagonjwa. Boti haipo. Ridhiwani kaipakia matenga yake ya kaa, kaipeleka Nyamisati kwa mnunuzi. Nikamweka mke wangu kwenye mtumbwi, tukapiga kasia mimi na shemeji yangu. Maji yalikuwa yanatoka, mkondo umekauka, tukakwama kwenye tope katikati ya mikoko. Mtoto alizaliwa pale. Wa kiume. Alilia kidogo. Hatukufika naye.

Wale wageni walipokuja mara ya kwanza baada ya hapo, Salima alisimama mkutanoni. Unajua alivyo mwenye haya, lakini siku hiyo alisimama. Akaeleza yote, boti ilikuwa wapi, nani aliichukua, mtoto alikufia wapi. Alisema huku analia. Ridhiwani akageuka kwa wageni akatafsiri. Sisi tukasikia "thank you", tena "thank you", tena "thank you". Wageni wakapiga makofi. Yule mama yao mrefu, Helga, akaja akamkumbatia, mwenzake akapiga picha. Ndiyo hiyo ya ukutani kwako.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Salima akaniuliza, "Kondo, mbona wamenipigia makofi?"

Dereva wao, kijana wa Dar, ndiye aliyenivuta pembeni kesho yake akanieleza kilichotafsiriwa: kwamba mama huyu analia kwa furaha, anashukuru kwa boti.

Tangu siku ile Salima haongei mbele za watu. Kisimani akisalimiwa anaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo ile "for" yako nimeipenda sana. Mimi ninayo mengi ya kuweka baada ya "for". Niandikie, dada, nami nitakariri. Nataka nimshukuru Ridhiwani kwa kila alichotutendea, kimoja kimoja, kwa adabu, wageni wakiwa wamekaa.

Na ile "No, thank you" nimeshangaa nayo. Kumbe unaweza kumkataa mtu huku unamshukuru. Hiyo nimeiweka kabatini kwanza.

Kondo


KAMATI YA BOTI YA WAGONJWA
12 Julai 2025

Ndugu Kondo,

YAH: NENO LA SHUKRANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unakumbushwa kwamba neno lako lisiwe refu. Utaanza kwa kusema itifaki imezingatiwa. Utashukuru wafadhili, kisha utashukuru uongozi wa kamati. Hutataja mambo binafsi ya kifamilia, kwa sababu wageni wetu wanatoka mbali na hawapendi kuhuzunishwa. Uzungumze Kiswahili tu, tafsiri niachie mimi.

Uvae suruali ndefu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Ridhiwani, Mwenyekiti


Mbwera,
13 Julai 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Barua yako nimeipata, ingawa nyumba zetu zinatazamana na ungeweza kuniita kwa mluzi. Nimeisoma mara nyingi kwa sababu ya muhuri, ni mzuri sana.

Usiwe na wasiwasi. Uongozi nitaushukuru mpaka wewe mwenyewe uone nimezidisha. Suruali ndefu ninayo moja, ile ya harusi, nimeshaitoa kwenye sanduku ipungue harufu.

Mimi mtiifu wako,
Kondo


Kibiti,
18 Julai 2025

Kaka,

Picha nimeibandua. Ukuta umebaki na alama nne za gundi, nafundisha nikiwa nimezipa mgongo.

Nisamehe kwa yale maneno ya kujivunia. Wifi usimsomee.

Neno lako nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili, na chini ya kila mstari nimeweka Kiswahili chake ujue unachosema. Unaanza kwa kuwashukuru wafadhili, na hapo uwe mkweli, maana kosa si lao. Halafu unaingia kwa Mwenyekiti. Kila mara unasema "I would like to thank our chairman for", unakitaja alichofanya, unatulia, unaendelea. Usimwite mwizi, usimwite muuaji, hata kama ulimi unawasha. Ukimtukana, wageni watasema hao wana ugomvi wao wa kijijini, watafunga mafaili yao waondoke. Ukimshukuru, watauliza.

Kuna kitu kimoja kilininyima raha. Wageni wakikasirika wanaweza kuichukua boti yenyewe. Na wifi ana tumbo. Utakuwa umemkomoa Ridhiwani, halafu mwezi wa tisa utapiga tena kasia. Kwa hiyo mwisho wa neno nimekuwekea kitu cha ofisini. Wakitaka kudai, wao hawadai. Wanasema "We would be grateful if", tutashukuru endapo, wanataja wanachotaka, wanafunga na "Thank you in advance", yaani ahsante ya kutanguliza. Nimeandika kwamba tutashukuru endapo ufunguo wa boti utakaa na akina mama wa kijiji.

Kaka, usipandishe sauti. Hasira ikija, tabasamu.

Warda


Mbwera,
2 Agosti 2025

Dada Warda,

Hao watu nimewavulia kofia. Wanashukuru kabla hawajapewa! Hiyo ni kudai deni huku umevaa tai. Ningelijua hili zamani, wateja wangu wa vocha wangekoma.

Nakariri kila siku nikitega kaa kwenye mikoko. Kaa wa Mbwera sasa hivi wana adabu, ukimtia mmoja kwenye tenga unahisi atasema "I would like to". Nyumbani narudia yote, hata ya barua yako ya kwanza na maana zake, nikiwa nakula, nikiwa naoga. Salima anasuka ukili wake pembeni, hainui hata kichwa. Sijamweleza ni neno gani. Anadhani mumewe amepata wazimu wa kizungu, nami namwachia adhani hivyo, maana nikimwambia ataniomba niache. Anaogopa Ridhiwani atatunyima boti ile siku yenyewe.

Kusema kweli, dada, mimi roho yangu haitaki adabu. Roho yangu inataka nimkamate shingo, nimzamishe pale pale kwenye lile tope, maji yakitoka nimwache kaa wake wamshughulikie. Ila nikifika mstari wa tatu wa karatasi yako naona hii ni tamu zaidi. Tope litamchafua siku moja tu.

Kondo


Kibiti,
22 Agosti 2025

Kaka,

Nini kimetokea huko? Hapa stendi abiria waliotoka Nyamisati wanasema Mwenyekiti wa boti ya Mbwera amezimia. Mwingine anasema amekimbilia Ikwiriri. Mwingine anasema wewe uko polisi. Ukasha naye nikimuuliza anacheka tu, haniambii. Niandikie leo leo.

Warda


Mbwera,
25 Agosti 2025

Dada yangu,

Hajazimia, alikaa chini tu. Na mimi siko polisi, niko kwenye mkeka nakula wali wa mchele mpya.

Siku ilikuwa hivi. Turubai, viti vya kukodi, wageni mbele, Ridhiwani na suti yake ya rangi ya bahari. Wakaongea, wakaongea. Ikafika zamu yangu. Nikasema itifaki imezingatiwa, akatabasamu. Halafu nikageuka kwa wageni nikaanza kwa Kiingereza, na tabasamu likabaki pale pale usoni kwake kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Nikawashukuru wageni kwa boti. Vizuri. Wakaitikia kwa vichwa. Kisha nikasema, "I would like to thank our chairman, Mr. Ridhiwani, for taking the boat to Nyamisati with his crabs on the day my wife was in labour." Ndivyo ulivyoandika, nimshukuru kwa kuipeleka boti Nyamisati na kaa wake siku mke wangu ana uchungu. Nikatulia kama ulivyonielekeza. Helga akashusha kalamu.

Ridhiwani akanyanyuka. Lakini unajua mambo ya huku, neno la shukrani halikatizwi, hata akilitoa mlevi. Wazee wakamtazama, akakaa. Nikaendelea. Nikamshukuru kwa mtumbwi alioniachia. Nikamshukuru kwa tope. Nikamshukuru kwa mwanangu, ambaye hakumsumbua kwa kuishi muda mrefu. Hapo sauti ilitaka kunitoka, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwisho nikamshukuru kwa jinsi alivyoyatafsiri maneno ya mke wangu. Nikaomba ule ufunguo, nikatanguliza ahsante, nikakaa.

Wanakijiji hawakuelewa kitu, ila wameona sura za wageni. Ikabidi mkalimani atafsiri. Ridhiwani akasimama, akajifuta shingo, akasema, "Anashukuru."

Bi Mwanamkuu, yule mkunga wetu, akauliza kutoka nyuma, "Maneno yote yale, tafsiri neno moja? Kiingereza chako kina pumu, Mwenyekiti?"

Watu wakacheka. Helga hakucheka. Aliniuliza mwenyewe, taratibu, nikaelewa: ni kweli? Nikasema "Yes". Yule dereva wa Dar akaitwa mbele, akatafsiri yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwenye kipaza sauti. Hapo ndipo Ridhiwani alipokaa chini bila kutazama kama kiti kipo.

Kamati imevunjwa. Ufunguo ulitolewa kwenye mfuko wa suti. Akina mama walimsukuma Salima mbele, akaupokea bila neno, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Nilidhani ataniambia kitu usiku ule. Alinipakulia wali mara mbili, basi. Bado haongei mbele za watu, Warda. Nimemkomoa Ridhiwani, lakini kile alichomtia Salima mdomoni bado kimemkaa.

Kondo


Mbwera,
3 Septemba 2025

Ndugu yangu Kondo,

Safari hii sipigi muhuri.

Ulichonifanyia si uungwana. Sisi ni majirani, ungenifuata nyumbani tukayamaliza. Wageni wangeondoka na picha nzuri, nasi tungebaki na yetu. Sasa hata watoto wakiniona wanasema ahsante Mwenyekiti, halafu wanakimbia.

Lakini mimi si mtu wa kuweka kinyongo. Mnunuzi wangu wa kaa bado yupo na wewe kaa unao. Siku ambazo hakuna mgonjwa boti inakaa bure. Zungumza na mama watoto atuachie ufunguo siku moja moja, tushirikiane. Mkijaaliwa mtoto nitakuja kumwona siku ya arobaini yake, nitaleta chochote.

Ridhiwani


Mbwera,
27 Oktoba 2025

Mdogo wangu Warda,

Umekosa arobaini ya mwanetu Muzdalifa kwa sababu ya mitihani yako, na umekosa makubwa. Keti chini.

Kwanza, kama nilivyokuambia kwenye ile barua fupi, uchungu ulimshika asubuhi na boti ilikuwa pale pale. Salima mwenyewe ndiye aliyeufungua ufunguo kwenye khanga akaniwekea mkononi. Mpaka Nyamisati, gari, mpaka Kibiti, wewe ukatukuta wodini. Hilo unalijua.

Sasa juzi. Nyumba imejaa, wanawake ndani na barazani, pilau inanukia, mtoto amevikwa kofia kama balozi. Mara Ridhiwani huyo. Kabeba kiroba cha mchele, sukari, doti ya khanga mpya juu yake. Akasalimia kila mtu, akaingia mpaka alipokaa Salima, akaviweka miguuni kwake. Akamwombea mtoto dua ndefu, nzuri, nakiri. Watu wakaitikia amina. Halafu, pale pale mbele ya watu wote, ambapo mwenye haya hawezi kukataa, akasema polepole kwamba kaa wake wataharibika, anaomba ufunguo safari moja tu, jioni anarudisha.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Nilishaweka sinia chini. Maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya ofisini.

Salima akamtazama. Akaisukuma ile doti ya khanga kwa ncha ya vidole, ikarudi mpaka kwenye kiatu cha Ridhiwani. Akasema, wazi, kila herufi mahali pake, kuliko mimi, kuliko wewe utanisamehe:

"No, thank you, Mr. Ridhiwani."

Warda, mimi sikumfundisha. Miezi yote ile nakariri kama chizi, yule aliyekuwa anasuka ukili bila kuinua kichwa alikuwa anameza kila kitu. Ile "thank you" ambayo Ridhiwani alimtia mdomoni mbele ya wageni amekuwa nayo muda wote, juzi kamrudishia, kaitangulizia "no".

Wanawake wakatazamana, hawakujua amesema nini, ila walijua amesema, tena mbele za watu. Bi Mwanamkuu akajikohoza.

"Mwenyekiti," akasema, "sisi hatukusoma. Hebu tutafsirie."

Ridhiwani akatazama mlango. Mlangoni nipo mimi. Akatazama dirisha, dogo.

"Amesema hataki," akajibu.

Tangu nimfahamu, ndiyo mara ya kwanza ametafsiri sawasawa.

Kaka yako,
Kondo